Lugha na Kumbukumbu ya Vita: Meru na Embu katika Maandishi ya Mau Mau

Maandishi juu ya vita vya Mau Mau ni mengi kuliko maandishi juu ya vita vingine vyovyote vilivyopiganwa katika ardhi ya Kenya. Yapo masimulizi ya wapiganaji na ya waliozuiliwa kambini, zipo riwaya na tamthilia, na ziko kazi za wanahistoria zisizohesabika kwa urahisi. Hata hivyo, swali moja limeulizwa kwa nadra, nalo ni hili: vita hivyo vilisemwa kwa lugha ipi, na vinakumbukwa kwa lugha ipi? Aghalabu wahakiki wameichukulia lugha kuwa chombo tu, mfano wa kibuyu kinachobeba maji bila kuyabadilisha ladha. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba kibuyu nacho kina harufu yake, na kwamba wasemaji wa Kimeru, Kiembu na Kimbeere ndio walioathirika zaidi kwa kutotazamwa jambo hilo.

Katika taaluma ya isimu, fikra ya kwamba lugha huathiri jinsi mtu anavyouona ulimwengu hunasibishwa na Edward Sapir na Benjamin Lee Whorf. Fikra hiyo ikichukuliwa kwa ukali wake wote haikubaliki, kwani hapana lugha inayomzuia msemaji wake kuhisi maumivu ya kiboko. Lakini ikichukuliwa kwa kiasi, ina maana kubwa kwa mhakiki wa fasihi. Maumivu yenyewe hayana lugha. Kumbukumbu ya maumivu inayo. Mtu anapoyasimulia yaliyompata hulazimika kuchagua jina, wakati wa kitenzi na upatanisho wa kisarufi, na kila analolichagua humpeleka msikilizaji upande fulani.

Jina na upatanisho wake

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, na ikaondolewa rasmi Januari 1960. Istilahi hii ya Kiswahili yastahili kuchunguzwa. Neno "hali" halina mtenda. Hali huwa, hutokea, huisha kama kiangazi. Hapana mtu anayeulizwa kwa nini aliifanya. Neno "vita", kwa upande mwingine, hudai pande mbili. Serikali ya kikoloni haikutaka neno la pili, na sababu ilikuwa zaidi ya adabu ya usemi. Aliyekamatwa vitani ni mateka. Aliyekamatwa katika Hali ya Hatari alikuwa mhalifu wa kawaida, na aliweza kupelekwa mahakamani na kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa njia hiyo. Hivyo basi, tofauti baina ya maneno mawili ilikuwa kwa watu hao tofauti baina ya kambi na kitanzi.

Jina "Mau Mau" lenyewe lina utata ambao Kiswahili huuweka wazi kuliko Kiingereza. Asili yake haijakubaliwa na wote. Wapo wanaosema ni neno "muma", yaani kiapo, lililosikika vibaya katika sikio la mgeni. Wapo wanaotaja mchezo wa watoto wa kugeuza silabi. Iko pia tafsiri iliyoenea sana ya kwamba ni herufi za mwanzo za maneno "Mzungu Aende Ulaya, Mwafrika Apate Uhuru." Tafsiri hii ya mwisho yaonekana kubuniwa baada ya jina kuwapo, lakini thamani yake haipungui kwa hilo. Inaonyesha kwamba watu waliopewa jina na wengine walitafuta njia ya kulifanya liwe lao, na lugha waliyoichagua kwa kazi hiyo haikuwa Kigikuyu, Kimeru wala Kiembu, bali Kiswahili.

Zaidi ya asili, kuna suala la ngeli. Mwandishi wa Kiingereza aweza kuandika jina hili katika kitabu kizima bila kusema kama anataja watu, chama, vita au ugonjwa. Mwandishi wa Kiswahili hana nafasi hiyo. Akiandika "Mau Mau walikuja usiku", amewafanya watu. Akiandika "Mau Mau ilikuja usiku", amefanya jambo lisilo na uso. Akiandika "Mau Mau vilianza", msomaji ataelewa kuwa neno "vita" limefichwa nyuma ya jina. Mhakiki akiyapitia maandishi ya Kiswahili kwa kufuata upatanisho huu tu, atamwona mwandishi amesimama wapi kabla hajafika kwenye dhamira yake. Na yafaa kuongeza kwamba mara nyingi mwandishi yuleyule huhama: wapiganaji wanapokula na kuzungumza huwa "wa-", na wanapoua huwa "i-". Uhamaji huo hauonekani katika tafsiri ya Kiingereza.

Kumezwa katika herufi moja

Katika nyaraka za utawala wa wakati huo, Wagikuyu, Waembu na Wameru waliwekwa pamoja chini ya kifupisho KEM. Msako mkubwa wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, uliojulikana kwa jina la Operesheni Anvil, uliwakamata watu kwa kufuata kifupisho hicho. Mmeru aliyekuwa mjini aliweza kukamatwa kwa sababu ya herufi moja, hata kama lugha yake, baraza lake la wazee na hesabu yake ya marika vilikuwa mbali na vya jirani yake. Baada ya Uhuru kifupisho kilirudi kwa sura nyingine wakati chama cha GEMA kilipoanzishwa mwaka 1971, safari hii kwa hiari ya waliotajwa; nacho kilipigwa marufuku mwaka 1980.

Mipaka nayo ilikuwa na neno lake. Wakati wa vita, wilaya za Meru na Embu zilikuwa katika Mkoa wa Kati. Mwaka 1963 zilitiwa katika Mkoa wa Mashariki, na Kirinyaga, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Embu, ikatengwa na kubaki Mkoa wa Kati. Kambi za Mwea, ambako wafungwa wengi waliteswa ili waungame, zilikuwa Embu wakati huo. Leo msomaji huzitafuta Kirinyaga. Basi usemi wa kwamba Mau Mau ni habari ya "Mkoa wa Kati" ulikuwa kweli mwaka 1954, ukawafuta Wameru na Waembu ulipokaririwa mwaka 1974, bila mtu yeyote kukusudia kuwafuta. Ramani ilihama, usemi ukabaki.

Matokeo yake katika maandishi ni dhahiri. Kumbukumbu za wapiganaji zilizochapishwa miaka ya 1960 na 1970 zilitoka zaidi kwa wasemaji wa Kigikuyu, zikiwa zimeandikwa kwa Kiingereza au kufasiriwa kwacho. Mkusanyo wa nyimbo uliohaririwa na Maina wa Kinyatti mwaka 1980 ulitokana na nyimbo za Kigikuyu. Huko Embu, Biblia na vitabu vya shule vya Kigikuyu vilitumika kwa miaka mingi, hata msomi wa Kiembu akawa na lugha ya nyumbani na lugha ya kuandikia ambazo ni ndugu lakini si moja. Ushuhuda wa mzee wa Runyenjes au wa Tigania, ili ufike kwa msomaji, mara nyingi umepita milango miwili: kwanza Kigikuyu, kisha Kiingereza. Katika kila mlango kuna kitu kinachoachwa kizingitini.

Jambo hili huleta shida katika mjadala uliochochewa na Ngũgĩ wa Thiong'o kuhusu lugha za fasihi ya Kiafrika. Mjadala huo kwa kawaida huwekwa kana kwamba una pande mbili tu, Kiingereza na lugha ya mama. Katika Meru na Embu pande ni nne. Kuna lugha ya mama, kuna lugha ya jirani mwenye nguvu, kuna Kiswahili na kuna Kiingereza. Kuhama kutoka Kiingereza hadi Kigikuyu ni kurudi nyumbani kwa mwandishi wa Limuru. Kwa mwandishi wa Igembe ni kuingia nyumba nyingine ya kigeni, ingawa iko karibu zaidi.

Maneno yaliyobeba vita

Kiswahili nacho kisichukuliwe kuwa uwanja mtupu usio na alama za miguu. Kilikuwa lugha ya pande zote mbili. Kamati ya siri iliyoongoza harakati mjini Nairobi ilijulikana kwa jina la Kiswahili, Muhimu. Wakati huohuo Kiswahili kilikuwa lugha ya Keya, jeshi la mfalme, na lugha ya amri katika kambi, kwa kuwa askari walitoka sehemu nyingi za nchi. Mfungwa aliyejua Kiswahili kidogo alikijua kwanza kama amri za kuchuchumaa, kuhesabiwa na kunyamaza. Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alipigana Burma akiwa askari wa Keya kabla ya kuongoza vita vya Mlima Kenya na kukamatwa Januari 1954. Vyeo vya msituni vilitoka katika jeshi hilohilo. Musa Mwariama wa Meru, aliyetoka msituni wakati wa Uhuru bila ya kukamatwa, hakuitwa kwa jina la kiongozi wa gaaru, nyumba ya vijana wapiganaji wa Kimeru, bali aliitwa Fildi Mashali. Kiapo cha wapiganaji kiliitwa cha "batuni", neno la Kiingereza lililopitia mdomo wa askari wa Kiafrika. Msitu ulipigana na himaya kwa msamiati wa himaya.

Neno "kiapo" linafundisha jambo jingine. Kwa Kiswahili mtu "hula kiapo", na msemaji wa leo hafikirii chakula anaposema hivyo. Sitiari imekwisha kufa. Katika Kigikuyu mtu hunywa muma, na kitendo hicho kilikuwa kitendo cha mwili hasa. Mfasiri anayeandika "alikula kiapo" ametumia Kiswahili safi, lakini amempeleka msomaji mbele ya hakimu badala ya kumpeleka gizani mbele ya nyama na damu. Katika Meru suala linazidi kuwa gumu, kwa sababu baraza la Njuri Ncheke lilikuwa na viapo vyake vya kale, kikiwamo kile cha nthenge, yaani beberu, na utawala ulilitumia baraza hilo dhidi ya harakati. Mtu aliweza kujikuta kati ya viapo viwili, vyote vikidai mamlaka ya mababu. Maandishi ya Kiingereza ya wakati ule yaliona upande mmoja una ushenzi na upande mwingine una sheria. Katika lugha ya watu wenyewe, pande zote zilisema kwa sarufi moja ya laana na utakaso, na hapo ndipo penye uchungu wa kumbukumbu ya Meru: aliyeapa na aliyeapishwa ili akane walielewana vizuri mno.

Mfano wa tatu ni neno "kijiji". Kuanzia Juni 1954 wakulima walilazimishwa kuacha maboma yao na kukaa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Kigikuyu kililichukua neno la Kiswahili na kulifanya "gĩcagi", na neno hilo likabaki na maana ya makao ya kulazimishwa. Sasa yafikiriwe masomo mawili ya sentensi moja: "Wote walihamia kijijini." Msomaji wa Dodoma wa miaka ya 1970 aliisoma kwa masikio ya siasa ya Ujamaa, akaipenda au akaichukia kwa sababu hizo. Msomaji wa Embu alisikia filimbi ya amri ya kutotoka nje, na akawaona wanawake wakipelekwa kuchimba handaki la kuutenga msitu wa Mlima Kenya na mashamba. Hapana kamusi inayoonyesha tofauti hii, wala si kosa la kamusi. Ni kazi ya mhakiki.

Wakati wa kitenzi

Hata mahali ambapo maneno yanalingana, sarufi yaweza kutolingana. Kimeru na Kiembu, kama Kigikuyu, vimo katika kundi la E50 katika uainishaji wa Malcolm Guthrie. Lugha za kundi hili hutenga wakati uliopita katika daraja: kuna umbo la yaliyotokea leo, la yaliyotokea karibuni, na la yaliyotokea zamani. Kiswahili sanifu kina kiambishi "-li-", ambacho huchukua ya asubuhi na ya miaka 70 kwa uzito mmoja.

Kwa masimulizi ya vita hili si jambo dogo. Mzee akisimulia kuchomwa kwa nyumba yake, lugha yake humlazimisha kuliweka tukio mbali au karibu. Akitumia umbo la zamani, amekwisha kulipeleka tukio waliko mababu. Akiteleza katikati ya simulizi na kutumia umbo la karibu, msikilizaji wa lugha ile hushtuka, kwa kuwa nyumba imeanza kuungua upya. Mfasiri akiandika "ilichomwa" mara zote mbili, mshtuko huo umetoweka na ukurasa unabaki shwari. Kiswahili hakikosi njia ya kufidia: kina "-ka-" ya masimulizi, kina "-na-" inayoweza kuleta jambo la kale mbele ya macho, na kina vielezi. Lakini mfasiri hawezi kufidia upotevu ambao hakuutambua.

Kuna pia hesabu ya marika. Mmeru wa kizazi kile hakuyapanga mambo kwa mwaka wa Kizungu kwanza, bali kwa rika lililokuwa likishika ujana au uzee: Lubetaa, Miriti, Michubu na mengineyo. Majina hayo huzunguka na kurudi. Kumbukumbu iliyopangwa kwa marika yazunguka pia, na vita vya zamani vya kunyang'anyana ng'ombe, kuingia kwa Waingereza Embu mwaka 1906 na Meru mwaka uliofuata, na vita vya msituni huweza kusemwa kama zamu za jambo moja. E. B. Horne, afisa wa kwanza wa Kiingereza huko Meru, bado hutajwa kwa jina alilopewa na wenyeji, Kangangi, yaani mtu wa kutangatanga. Mwanahistoria akiandika "1952" mahali palipotajwa rika, amepata usahihi wa aina moja na kupoteza wa aina nyingine.

Riwaya na tamthilia

Fasihi ya Kiswahili imelishughulikia suala hili kwa kiasi gani? Riwaya ya P. M. Kareithi, Kaburi Bila Msalaba, iliyotolewa mwaka 1969, ni miongoni mwa kazi za mwanzo za Kiswahili zilizochukua vita hivi kuwa kiini. Anwani yake peke yake yatosha kuonyesha ugumu wa kazi. "Kaburi" na "msalaba" ni maneno yaliyoletwa na dini na biashara ya pwani na ya misheni. Miongoni mwa jamii za mlimani, hapo kale si kila maiti alizikwa. Kwa hiyo kumpa mpiganaji kaburi ni kumtia katika heshima ya wakati mpya, na kumnyima msalaba ni kusema kwamba waliomiliki heshima hiyo walimkataa. Msomaji aliyezaliwa pwani ataona upweke tu. Msomaji wa Embu ataona hukumu. Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957 na kuzikwa Kamiti pasipo alama, ni kivuli kinachoizunguka anwani hii hata bila kutajwa.

Mfano mwingine ni tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, iliyochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1976 kwa anwani The Trial of Dedan Kimathi. Mũgo alizaliwa mwaka 1942 huko Baricho, wakati Kirinyaga ingali sehemu ya Wilaya ya Embu. Tafsiri ya Kiswahili ya Raphael Kahaso, ya mwaka 1978, inaitwa Mzalendo Kimathi. Anwani ya Kiingereza yamweka Kimathi kizimbani na kumwachia msomaji hukumu. Anwani ya Kiswahili yatoa hukumu mlangoni. Wapo watakaosema tafsiri imepunguza mvutano wa kisanaa, na wana hoja. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mahakama iliyomhukumu mtu huyo haikuwa ya lugha yake. Katika Kiingereza, kesi ilikuwa imekwisha kusikilizwa mara moja, na mshtakiwa akashindwa. Kiswahili kilikuwa na haki ya kukataa kuanza upya mahali hapo.

Neno "mzalendo", hata hivyo, lina hatari yake. Ni neno la taifa, na taifa lilikuwa na haraka ya kusahau. Baimungi wa Meru, aliyebaki msituni na kutoridhika na mambo ya ardhi yalivyoachwa, aliuawa na vikosi vya serikali ya Kenya iliyo huru. Mau Mau yenyewe iliendelea kuwa chama haramu katika sheria hadi mwaka 2003. Je, Baimungi ni mzalendo kwa sarufi ipi? Neno la kitaifa linawafaa waliokufa kabla ya Desemba 1963. Kwa waliokufa baadaye, Kiswahili cha vitabu vya shule hakina jina. Ukimya huo si udhaifu wa lugha. Ni uchaguzi wa watumiaji wake, na waandishi wanaweza kuchagua vingine. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, alipoandika juu ya mapigano ya kikabila katika Maua Kwenye Jua la Asubuhi (2004), alithibitisha kwamba Kiswahili chaweza kuwa mahali pa kusema uovu wa ndugu kwa ndugu, kwa sababu si mali ya upande mmoja.

Hitimisho

Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Ushahidi uliozingatiwa na mahakama ya London ulifika huko kwa Kiingereza. Haki ya aina fulani ilipatikana, na si haki ya kudharauliwa. Lakini maneno yaliyosemwa kabla ya tafsiri, pamoja na nyakati zake za vitenzi na upatanisho wake, si mali ya mahakama yoyote. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 Hali ya Hatari ilipotangazwa amekwisha kupita miaka 90. Wenye kusema Kimeru, Kiembu na Kimbeere cha vita hivyo wanaondoka mmoja mmoja.

Idara za lugha zina kazi ambayo idara za historia haziwezi kuifanya peke yake: kunasa masimulizi hayo katika lugha yalimotoka, kuyaandika bila kuyapitisha kwanza katika lugha ya jirani, na kuyafasiri kwa Kiswahili kwa maelezo yanayoonyesha kilichopotea njiani. Kiswahili kitafaidika, kwa kuwa kitalazimika kujifunza kutenganisha jana na zamani. Na mzee wa Tigania atakuwa amesikika akisema yake, kabla herufi moja ya mwisho katika kifupisho cha wengine haijabaki kuwa kaburi lake.